Kura ya Umande

Katika mji ule, chama cha walimu wa gofu kilichagua mwenyekiti wake asubuhi na mapema, kwenye nyasi fupi za shimo la mwisho. Wagombea wawili walisimama huku na huku, wamewapa wenzao mgongo. Wapiga kura walivua viatu, misumari ya soli isije ikachana nyasi, kisha kila mmoja akaenda kusimama nyuma ya amtakaye.

Nyamizi aligombea kwa jambo moja tu: wabeba mifuko ya wachezaji waruhusiwe kufanya mtihani wa ualimu.

"Dada Nyamizi," alisema mpinzani wake Kihwele, mwenyekiti wa siku zote, "ukigeuka ukajikuta peke yako usilie. Tutakununulia chai."

"Na vitumbua, mzee. Chai kavu siinywi."

Watu wakacheka. Msimamizi akasema, "Nendeni."

Nyasi zilimeza sauti ya nyayo zote. Nyamizi alisikia pumzi zake tu. Mbele yake, nje ya uzio, wabeba mifuko walisimama wakimtazama. Akishindwa, mlango wao utabaki umefungwa.

"Geukeni."

Kabla ya watu, aliona umande. Jua lilikuwa limechomoza, na kila unyayo uliacha alama nyeusi kwenye weupe ule. Njia nyingi zilianza kuelekea kwa Kihwele. Katikati zilisita, vidole vikakanyagana, kisha zikapinda, moja baada ya nyingine, kuja upande wake.

Nyamizi hakuthubutu kuinua macho. Alipiga magoti, akaweka kiganja kando ya unyayo uliokuwa karibu, taratibu, asije akaufuta.