Maji ya Wifi

Mama Miche aliinua kopo. Lilikuwa zito.

Humo alikuwa amechomeka kijiti cha kichaka kimoja cha mlimani chenye majani ya manyoya na maua kama alizeti ndogondogo. Kichaka chenyewe kiliteketea kwa moto. Kilichobaki ni kijiti hiki tu. Nacho kinataka unyevu tu, maji mengi yanakiozesha.

"Wiki nzima ulipokuwa unaumwa nilikuwa nakuja kukimwagilia," alisema wifi yake pale mlangoni pa banda la miche. "Maskini, kilikuwa kikavu kama koo la mlevi! Nikawa nakijazia mpaka juu."

Alikuwa anacheka. Tangu walipomzika mume wa Mama Miche, hawa wawili walikuwa hawasalimiani.

Mama Miche alikishika kijiti kwa vidole viwili, akakivuta kidogo, kama afanyavyo siku zote kupima kama kimeshika mizizi. Kikaja chote. Ncha yake ilikuwa nyeusi, inateleza kama sabuni iliyolowa.

Akaupa mlango mgongo, akakirudisha udongoni, akakikandamiza kwa dole gumba.

"Asante, wifi yangu."

"Aa, ni maji tu hayo. Kesho nije tena?"