Nywele Nyeupe za Adélaïde

"Maman Adélaïde, hizi nywele nyeupe za mutoto, si ni za Philémon kabisa?"

Jirani Georgette aliuliza hivyo kwa mzaha, mtoto akiwa na siku nane. Godelive, mama wa mtoto, alicheka. Mume wake Ignace hakucheka.

Mtaa mzima wa Kasha ulikuwa na mtu mmoja tu wa namna hiyo: Philémon, katekista mzee, aliyezaliwa na kishungi cheupe juu ya paji la uso. Sasa na Adélaïde mdogo.

Ignace alivua mkanda. "Sema! Ulilala naye mara ngapi?" Chuma cha mkanda kikampasua Godelive shavu. Aliapa kwa Bikira Maria. Jino lilitoka pamoja na kiapo.

"Mupige tena!" alisema mama mkwe, Maman Cibalonza, kutoka mlangoni. "Arudi kwao Kavumu na kitoto chake."

Lakini Ignace aliposhika nondo na kwenda kwa Philémon, mama yule yule alimkimbilia peku. "Huyo muache! Mwenye kosa ni mwanamuke!" Alipiga kelele upande wa kushoto, na sikio hilo la Ignace halisikii kitu.

Philémon hakuinua hata mkono. "Piga, mutoto yangu," alisema, kama alivyozoea kuwaita wote wa katekisimu. Nondo ilishuka mara tatu. Mara ya tatu mfupa ulilia.

Hospitalini, ambako majirani waliwapeleka wote, Daktari Marcellin, aliyetoka masomoni Ubelgiji mwaka ule wa tisini na tatu, alishona kichwa cha mzee, kisha shavu la Godelive. Akamtazama mtoto muda mrefu. Akaalisha vidole nyuma ya Ignace, kushoto. Ignace hakugeuka.

"Hili sikio lilikufa lini, Papa?"

"Nilizaliwa nalo hivi, Docteur."

Daktari akaketi. "Basi musikilize. Ndani ya mwili kuna protini moja. Kazi yake ni kuamsha amri tunazorithi: nywele ipate rangi, sikio lisikie. Kuna jamaa ambamo inazaliwa na kasoro. Mumoja anaota kishungi cheupe, mwingine sikio linakufa tu. Yote ni ugonjwa mumoja, na unatoka kwa muzazi. Papa Ignace, mutoto ni wako. Ni wewe ulimupa."

Godelive akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa mdomo uliovimba. Hakuna tena wa kumfukuza. Ignace akaanguka miguuni pake, akilia kama mtoto. "Unisamehe, mama ya mutoto wangu. Unisamehe."

Kisha akainua uso uliolowa, karibu anacheka, akamgeukia mama yake aliyesimama mlangoni.

"Maman, na mimi nani alinipa? Papa alisikia vizuri, na nywele zake zilikuwa nyeusi tii mpaka tunamuzika."

Maman Cibalonza alikaza kikwembe kiunoni. Akatoka, akashika njia ya chumba alimolazwa Philémon.