Jibu la Bibi Melania

Bibi Melania alisimama na mjukuu wake mbele ya beseni la ubatizo. Mtoto alikuwa mgonjwa sana, hakuwa amenyonya tangu jana, kwa hiyo hawakuweza kumngoja padri wao arudi safarini. Padri mgeni aliyekuwapo alijua Kiingereza tu.

Katekista Ludoviko alikuwa amemfundisha: "Akiuliza lolote, bibi, wewe sema 'ai du'. Ni kukubali."

Padri akauliza. Bibi alitambua jina moja tu, la Shetani.

"Jibu, bibi," katekista akanong'ona.

"Nimkubali Shetani, na mtoto ninaye mkononi?"

"Anauliza kama unamkataa."

"Una hakika, Ludoviko?"

Katekista akamtupia padri jicho.

Padri akarudia swali taratibu, akitabasamu. Bibi akamziba mtoto sikio kwa kiganja, akafumbua kinywa.