Pini ya Ukaguzi

Kila mwaka, mkaguzi mkuu humkaribisha katibu wa wizara achomeke pini kwenye ramani, achague mwenyewe mahali pa kukaguliwa. Wanauita ushirikishwaji.

Katibu akaichomeka kwenye makao makuu ya wizara, kama kawaida yake. "Hapa kuna kiyoyozi na chai, wanangu."

Wakaguzi wakacheka.

Kwenye ramani, makao makuu yalikuwa yametobolewa hadi karatasi imechanika. Palipochorwa bwawa jipya, karatasi ilikuwa laini, haina hata tundu.

Mkaguzi mmoja, aliyekuwa bado anangoja kuthibitishwa kazini, akaing'oa pini na kuichomeka bwawani.

"We binti, huko hakuna barabara," katibu akasema.

"Hazina ililipia barabara hiyo mwaka juzi, mheshimiwa."

Kicheko kikakatika. Mkaguzi mkuu akainuka, akaishika pini, akaikandamiza palepale bwawani, macho yake kwa katibu.