Kushoto kwa Nyamizi

Sheria ya mashindano ya kurusha droni ilimtaka rubani aupe uwanja mgongo, aongozwe na sauti ya mwenzake tu. Nyamizi, aliyeandika programu ya droni na ndiye wa kuongoza kwa sauti, alisali kimoyomoyo. Shule ilikuwa na droni hiyo moja. Ikivunjika, klabu yao imekwisha.

"Sema basi, bibie! Umemeza ulimi?" Lugome, rubani wake, alimtania.

Walikwenda vizuri hadi droni ilipogeuka kurudi, pua ikiwaelekea.

"Kushoto!" Nyamizi akapaza sauti, akimaanisha kushoto kwake mwenyewe, si kwa droni.

Lugome akatii. Droni ikaenda upande wa pili, ikagonga nguzo. Watu wakapiga kelele.

"Tumeshinda, eti?" Lugome aliuliza huku akicheka, bado ameupa uwanja mgongo.

Nyamizi aliutazama uwanja. Nyuma ya Lugome, feni moja ndogo ya droni ilikuwa ingali inazunguka mchangani.