Makofi ya Saa Nne na Robo

Mzee Shekuwe hakuchaguliwa na mtu. Gavana ndiye aliyempa kiti katika Baraza la Juu, naye akakikalia kimya miaka saba kama kuku anayeatamia. Lakini leo ilikuja sheria ya kuvunja makaburi ya Mtamboni ili pajengwe uwanja wa gofu, na huko ndiko alikozikwa mamaye.

Mlangoni karani alimpa kitabu cha kumbukumbu za mjadala, wino bado mbichi.

"Cha kikao kipi?"

"Cha leo, Mheshimiwa. Tunakipiga chapa mapema, meli ya barua haingoji."

Akautafuta ukurasa wake. *Mzee Shekuwe: Naunga mkono. (Makofi.)*

Akaligusa jina lake kwa vidole. "Nani kasema haya?"

"Ni wewe, Mheshimiwa. Saa nne na robo."

Saa nne na robo akaitwa. Akasimama, akapaza sauti ambayo hata mwenyewe hakujua anayo: "Sikubali! Mama yangu hafukuliwi!"

Wajumbe wakazinduka usingizini, wakachungulia vitabu vyao, wakapiga makofi.

"Ahsante, Mheshimiwa," akasema Mwenyekiti, akifunua ukurasa unaofuata.

Mzee Shekuwe alibaki amesimama. Wino wa jina lake ulikuwa umemgandia vidoleni.