Mzaliwa wa Kibuli

Nusura alikunja karatasi mpaka ikawa ndogo kama ukucha wa mtoto. Akapasua kiazi kitamu ubavuni, akaisukuma ndani, akakibana kwa vidole hadi mpasuko ukafunga. Kwenye karatasi alikuwa ameandika: Sema umezaliwa Kibuli. Hata wakikuuliza mara mia, Kibuli.

Mumewe, Fadhul, alizaliwa Mombasa. Alikuja Kampala na cherehani yake mwaka wa sitini na nane, akaoa mtaani Kibuli, akapata kazi ya kushona mashati ya jeshi. Kuzaliwa Mombasa hakukuwa kosa mpaka mwaka huu wa sabini na sita, serikali ilipogombana na Kenya na Wakenya wakaanza kuokotwa barabarani. Yeye walimkuta na barua mfukoni, anamwomba kaka yake wa Mombasa amtumie vifungo elfu ishirini na nne. Mwanajeshi aliyeisoma alipiga hesabu. Shati moja, vifungo sita. Basi huyu anawapelekea Wakenya idadi ya askari wetu.

"Jasusi wa vifungo," walimcheka, wakampakia.

Langoni mwa gereza, askari Ogwal alipokea kikapu na kumfinya mtoto shavu.

"Mama Sabah, huyu sura ni ya baba yake kabisa. Masikio tu ndiyo imepona."

"Afande, ni kweli wageni wametengwa?"

Ogwal alitazama nyuma kwanza. "Tangu jana. Ile watu ya Kenya wote wako chumba moja, mlango imepigwa chaki. Lori inakuja Ijumaa."

"Linawapeleka wapi?"

"Mimi hawaniambii, mama. Wameambiwa tu wasibebe kitu."

Mji mzima ulijua maana ya lori, na maana ya kutobeba kitu.

Zilibaki siku tatu. Jioni ile ile alitoa kitambulisho cha Fadhul cha Kenya chini ya godoro, akakitia jikoni, chini ya sufuria ya uji wa Sabah. Kikanuka, kikajikunja, kikaisha. Uji ulipopoa alimlisha mtoto, kisha akambeba kwenda kwa Mwalimu Mansur.

Nusu ya Kibuli ilikuwa imesoma Kurani barazani kwa Mwalimu Mansur, na kila mtoto aliyepita pale aliandikwa kwenye daftari lake: jina, baba, mwaka.

"Sijawahi kuandika uongo humu," alisema.

"Mwalimu, mimi nilisoma hapa. Huyu naye atasoma hapa. Mpe baba yake mstari mmoja tu."

Mzee alifunua kurasa za daftari moja moja hata Sabah akasinzia. "Ukimfanya wa hapa, Nusura, anakuwa wa hapa kwa yote."

"Hayo ndiyo ninayoomba."

Akatia maji kwenye wino ili ufifie, akaliandika jina la Fadhul katikati ya watoto wawili waliokufa zamani, wasije wakaitwa kutoa ushahidi.

Bado barua ya mkuu wa mtaa, yenye mhuri. Mkuu hakuwa na maneno mengi. Mkewe ndiye aliyesema angependa cherehani. Nusura aliibeba kichwani, mtoto mgongoni, akapanda nayo kilima. Fadhul akirudi atanuna wiki nzima, aliwaza, na wazo la kununa kwake likampa nguvu za kufika.

Alhamisi alimkabidhi Ogwal daftari na barua. Ogwal alisoma kwa midomo, neno baada ya neno.

"Kumbe huyu ni mtu yetu?"

"Mtoto wa Kibuli."

"Na mimi nilikuwa namwita Mombasa, hata hakasiriki. Hii napeleka kwa afisa leo leo."

Ijumaa lori lilitoka kabla ya adhuhuri. Nusura alisimama ng'ambo ya barabara, Sabah amevaa gauni la manjano ambalo baba yake alilishona kwa vipande vilivyobaki. Wanaume walisongamana nyuma ya lori, mikono mitupu. Dereva mmoja aliyewahi kukaa jirani yao alikuwa analia waziwazi. Mwingine alitoa shahada kwa sauti, tena na tena.

Nusura alihesabu nyuso. Ishirini na tatu. Akahesabu tena. Fadhul hayumo.

Aliinamisha paji lake juu ya kichwa cha mtoto, akashukuru, na akaona haya kushukuru mbele ya machozi ya watu. Kisha akavuka barabara upesi, akimtengeneza Sabah gauni.

Ogwal alitoka langoni na kikapu. Safari hii hakumfinya mtoto shavu.

"Ile watu wanalala kwao leo," alisema. "Mtu ya ubalozi amekuja asubuhi kuwachukua. Mpaka ya Malaba, wanavuka, basi. Hata wao wenyewe hatukuwaambia."

Nusura aliuliza mumewe yuko wapi.

"Afisa alimwita na yeye, apande. Akamwuliza mara tatu: wewe si Mkenya? Mara tatu akasema Kibuli." Ogwal alimwekea kikapu mkononi, akatazama pembeni. "Mgeni wanamfukuza tu, mama. Mtu ya hapa anayepeleka siri nje, hiyo kesi ni ingine. Korti ya jeshi imekaa robo saa. Kesho usilete chakula."